Mogesi Nyamhanga na Zizi Lisilohesabiwa

Siku ya kwanza nilipomwona Mogesi Nyamhanga alikuwa amechuchumaa kando ya lundo la vichwa vya ng'ombe, nyuma ya machinjio ya Kewanja, Tarime, anachagua masikio.

Ilikuwa mwaka 2011, mwezi wa pili, kama saa moja asubuhi. Nilikuwa nimechinja ng'ombe wa saba nikaenda nyuma kumwaga maji. Nikamkuta mwanamke mwembamba amevaa gambuti za kiume na koti la kijani lenye mifuko mingi, na mkononi ana wembe. Alishika sikio la dume mmoja, akalipindua na kulitazama kwa ndani kama mama anayekagua sikio la mtoto kabla ya kwenda shule. Kisha akakata kipande kidogo, sawa na ukucha, akakitia kwenye kichupa.

Nilirudi kinyumenyume. Tangu utoto mimi huona afadhali kuzunguka mbali kuliko kumwuliza mtu nisiyemjua anafanya nini. Nikamwendea Stanslaus, mwenye bucha, nikamnong'oneza.

"Masikio?" Stanslaus akapaza sauti mpaka wachuna ngozi wakageuka. "Masikio ya nini, mura, kijana wangu?"

"Sijamwuliza."

"Shehe, una kisu cha futi nzima mkononi, halafu unamwogopa mwanamke mwenye wembe!"

Watu wakacheka. Stanslaus akaenda mwenyewe, amejaza kifua. "Mama, hapa tunauza nyama. Mambo ya dawa peleka kwenu."

Yule mwanamke hakuinuka. Alimtazama Stanslaus usoni, halafu sikio la kushoto na la kulia, akatabasamu. "Wewe si Stanslaus uliyekimbizwa na bata mzinga wa misheni mpaka ukapanda juu ya choo? Mimi ni Mogesi wa Nyamhanga, wa hapo Matongo. Nimekutambua kwa masikio. Hayo ni ya mama yako, hata hujayabadilisha."

Safari hii wachuna ngozi walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu. Kuanzia siku ile alipewa masikio yote aliyotaka.

Nieleze kwa nini nilikuwa pale. Kwetu ni Mugumu, wilaya ya Serengeti, ambako baba yangu alishona nguo sokoni. Nilimaliza darasa la saba, cherehani ikanishinda, nikajifunza kuchinja. Miaka ile bei ya dhahabu ilikuwa imepanda, na watu walimiminika kuzunguka mgodi mkubwa kutoka Geita, Kahama, na hata Migori ng'ambo ya mpaka. Kila penye mashamba palikuwa na mashimo, na kila nyuma ya nyumba palikuwa na karasha linasaga mawe tangu alfajiri. Mchimbaji akipata hula nyama. Machinjio yaliyokuwa yakichinja ng'ombe wawili kwa siku sasa yalichinja kumi. Na kwa kuwa walaji walikuwa wa dini zote, mchinjaji alitakiwa awe Mwislamu ili asibaki mtu wa kukataa. Ndiyo maana Stanslaus alinileta kutoka Mugumu.

Mogesi alikuja kila asubuhi kwa wiki mbili. Alikuwa akisomea udaktari wa vinasaba katika chuo kule Morogoro. Siku ya nne au ya tano aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Kaka Yassini, hawa wadogo, wenye pembe fupi na shingo nene. Mwaka juzi ulipokuwa unachinja kumi, wao walikuwa wangapi?"

Nilijua jibu, kwa sababu mkono wa mchinjaji unakumbuka. Ngozi ya wale wadogo ni ngumu shingoni, kisu huisikia. "Walikuwa sita," nikasema. "Au saba."

"Na sasa?"

"Mmoja. Na huyo mmoja huwa ni mzee, hana meno."

Akaandika. Aliandika kwa penseli siku zote. Siku moja nilimpa kalamu yangu ya wino akanirudishia, akaniambia spiriti ya kwenye vichupa hufuta wino wote, na mtu akishafutiwa jina la ng'ombe amebaki na nyama tu.

Alinieleza kazi yake pale pale, tumekaa juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa. Alisema kila kiumbe kina maandishi mwilini mwake, nusu kaandikiwa na mama na nusu na baba, na maandishi hayo yamo kwenye damu, kwenye nyama, hata kwenye mzizi wa unywele mmoja. Ukisoma ya ng'ombe wengi unajua nani ndugu wa nani, na kama kundi ni kabila lake lenyewe au limechanganyika. Watu walikuwa wakipata fedha ya dhahabu wananunua ng'ombe wakubwa wa kutoka mbali, lakini huku karibu na mbuga kuna mbung'o, na wale wakubwa walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, mvua za kwanza tu. Wadogo walisimama. Ila wadogo ndio waliokuwa wakiuzwa nyama, kwa sababu hawana umbo la kumpendeza mtu aliyepata fedha jana.

"Nikichelewa," akasema, "nitakuwa nasomea ng'ombe aliyekwisha kuliwa."

Baadaye nilijua alikoupata moyo ule. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo Mogesi ndiye aliyechunga. Alijua kila ng'ombe wa kwao, mama yake na bibi yake. Alipokuwa kidato cha tatu, mwalimu alichora maharage ubaoni, mafupi na marefu, kuonyesha jinsi watoto wanavyorithi. Mogesi akanyoosha mkono: "Mwalimu, hilo kwetu tunalijua kwa ng'ombe." Mwalimu akamwambia kwa kejeli, basi njoo ufundishe. Akaenda. Alisimama ubaoni akaeleza ukoo wa ng'ombe mmoja wa baba yake mpaka kengele ikalia, na mwalimu, nasikia, alikuwa amekaa kwenye dawati la Mogesi anaandika.

Zizi alilolihitaji lilikuwa Genkuru, kwa Mzee Waisiko. Watu walisema mzee yule hakuwahi kuruhusu dume la nje kuingia kwake tangu enzi za baba yake. Lakini mwanawe mkubwa, Vincent, alitaka ng'ombe wauzwe kwa Stanslaus ili anunue karasha. Tulipofika mara ya kwanza tuliwakuta wanabishana langoni.

"Baba, ng'ombe hawa hata wakisimama wawili hawajazi kivuli cha mmoja," Vincent alikuwa akisema.

"Na wewe ukisimama peke yako hujazi suruali," mzee akamjibu, halafu akatugeukia. "Karibuni. Huyu ni binti ya nani?"

Mogesi akaamkia shikamoo, akajitambulisha, akaeleza shida yake kwa Kikurya kwa muda mrefu. Kulikuwa na kituo cha mifugo kilichokubali kuchukua ng'ombe thelathini na kuwazalisha, mradi alete uthibitisho wa mashine ya chuoni kwamba ni kabila lao wenyewe, kabla mwaka wa serikali haujafungwa mwisho wa mwezi wa sita. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. "Mashine yako ikisema hawa ni wa kwao wenyewe, hauzwi hata mmoja. Ikisema ni ng'ombe tu kama ng'ombe, Vincent atafute lori."

Vincent akampa Mogesi mkono kwa furaha, kana kwamba lori lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Mwezi wa nne Mogesi aliitwa Morogoro ghafla. Akaniachia bahasha hamsini, amezipanga na kuziandika namba kwa penseli, moja mpaka hamsini. Akanifundisha: nywele za ncha ya mkia, zing'olewe na mizizi, zisikatwe, ng'ombe mmoja bahasha moja. "Na uingie zizini mwenyewe," akaniambia. "Usipokee kwa mkono wa mtu."

Nilikwenda Genkuru kwa bodaboda. Mzee Waisiko alizipokea bahasha langoni, akazigeuza.

"Hizi namba ni za nini?"

"Za kutofautisha, mzee."

Aliangalia bahasha ya kwanza na ya mwisho. "Kaa hapo, unywe maziwa," akasema, akaondoka nazo.

Nikakaa kwenye jiwe nje ya lango. Mkewe, Mama Wegesa, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Kabla sijafika nusu ya kibuyu, mzee alikuwa amerudi na bahasha zote hamsini zimejaa. Ng'ombe hamsini hawang'olewi nywele katika muda wa nusu kibuyu. Nililijua hilo palepale. Lakini kumwambia mzee wa umri ule, mbele ya lango lake, kwamba sikuridhika, nilishindwa. Nikasema asante mzee, nikapanda bodaboda, na bahasha nikazituma Morogoro kwa basi.

Jioni Mogesi akapiga simu. "Uliingia mwenyewe?"

"Ndiyo," nikasema.

Alirudi mwanzoni mwa mwezi wa sita. Alikuja moja kwa moja machinjioni na begi lake mgongoni, akangoja mpaka nimemaliza, akanionyesha karatasi yenye mistari mingi inayofanana.

"Bahasha hamsini, kaka Yassini. Ng'ombe mmoja."

Nikaanza kufuta kisu.

"Mwalimu wangu ameniuliza kama namwona mjinga. Anadhani nimeng'oa mkia mmoja ili nipumzike. Nina wiki tatu. Nakuuliza tena, uliingia zizini?"

Nikamwambia yote, jiwe, kibuyu, na simu. Nilisema nikiangalia kisu changu. Aliponisikiliza mpaka mwisho alinawa mikono kwenye ndoo yangu, akaondoka. Siku mbili hakuja. Siku zile mbili nilichinja vibaya kuliko siku zote za kazi yangu, mpaka Stanslaus akaniuliza kama naumwa.

Siku ya tatu alikuja. "Nimefikiri," akasema bila salamu. "Kosa la kwanza ni langu. Nimezaliwa Matongo, nimechunga, nikampelekea mzee wa Kikurya bahasha zenye namba, moja mpaka hamsini. Nilikuwa namhesabia zizi lake mbele ya macho yake. Baba yangu angemfukuza mtu kama huyo kwa fimbo. Chuo kimenisahaulisha." Akavuta pumzi. "Kosa la pili ni lako, na ni kubwa zaidi. Langu ni la kusahau. Lako ni la kusema uongo."

"Ni kweli," nikasema.

"Haya. Vua hilo aproni, twende. Leo hakuna namba." Akanikabidhi daftari na penseli yake.

Mzee Waisiko alikuwa amekaa kivulini, Vincent anatengeneza pikipiki yake karibu. Mogesi akaamkia, mzee akaitikia marahaba, akauliza mashine imesemaje.

"Imesema umenipa nywele za mmoja, baba."

Mzee hakupepesa macho. "Imesema hivyo?"

"Imesema ni dume. Zaidi ya hapo haikusema, lakini nadhani ni yule." Akaonyesha kwa kidevu, si kwa kidole, maksai mwekundu aliyefungwa peke yake pembeni mwa zizi, amewekewa majani.

Mzee alianza kucheka taratibu, halafu akacheka mpaka akashika nguzo ya lango. "Mama Wegesa! Njoo usikie! Wamemjua!" Alipotulia alifuta macho. "Binti yangu, wale wengine wakihesabiwa wanaanza kupungua. Lakini yule nimemtenga kwa ajili ya msiba wangu mwenyewe. Yule tayari ni wa kaburini. Mhesabu hata mara hamsini, hapungui."

"Umenipa mwenye usalama," Mogesi akasema.

"Nilikupa mwenye usalama. Sikutaka urudi mikono mitupu."

"Baba, leo sihesabu. Nimekuja kuuliza majina. Niambie huyu anaitwaje, mama yake nani, bibi yake nani. Nitaandika jina juu ya bahasha, basi. Hata mashine nitaiambia jina."

Mzee aligeukia lango. Kisha akaondoa miti ya lango mwenyewe, mmoja mmoja, akampisha apite. Mimi nikabaki pale pale kwenye jiwe langu, kwa aibu na kwa mazoea. Mogesi alikuwa amekwisha kumshika ng'ombe wa kwanza mkiani alipogeuka.

"Kaka Yassini, penseli unayo wewe."

Nikaingia.

Tulikaa mle tangu saa tatu mpaka jua lilipoanza kushuka. Sijawahi kuona watu wawili wakifurahi vile kwa kazi. Mzee alitaja na Mogesi alirudia, naye akikosea mzee alimsahihisha, mzee akisita Mogesi alimkumbusha alichosema saa moja nyuma. Majina yalikuwa ya Kikurya, na Mogesi alinipa maana zake ili nisikosee: Mawingu, binti wa Mchelewaji, binti wa Mkwe Mkali. Asiyevuka Mto. Mgeni wa Jumapili. Wengine mzee aliwapandisha mpaka vizazi vinane, mpaka kwa jike mmoja aliyekuja na mama wa huyo mzee siku ya harusi. Mogesi alikuwa akiwasemesha kwa sauti ndogo kabla ya kung'oa, akapigwa teke mara mbili tu siku nzima, na mara ya pili alisema alistahili. Mimi niliandika juu ya bahasha na daftarini kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, pole pole, herufi moja moja. Kwa mara ya kwanza niliwatazama ng'ombe usoni bila kupima shingo.

Tulipomaliza, mzee aliuliza jambo moja: "Umeandika namba popote?"

Mogesi akamwonyesha daftari langu. Hapakuwa na namba hata ya ukurasa.

Aliondoka na bahasha siku ile ile. Kule Morogoro, nilisikia baadaye, mwenye mashine alikataa, akasema fomu inataka namba. Mogesi akamwambia aandike Mkwe Mkali au ampishe akae yeye. Akakaa yeye. Alifanya kazi siku kumi na sita, na mwenzake mmoja aliniambia alikuwa akisahau kula mpaka wakawa wanamwekea mandazi juu ya kitabu anachosoma.

Tarehe ishirini na saba mwezi wa sita tulirudi Genkuru. Mzee alikaa kwenye kiti chake, wanawe wakasimama nyuma yake. Mama Wegesa alikuwa pembeni anachambua maharage. Mogesi hakukaa. Alisoma kwa majina: Mawingu ni mtoto wa Mchelewaji, ndiyo. Mchelewaji wa Mkwe Mkali, ndiyo. Kila alichosema mzee, maandishi ya mwilini yalisema vilevile, na mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe. Mpaka akafika kwa mmoja.

"Asiyevuka Mto," Mogesi akasema, na sauti yake ikapungua. "Ulisema ni binti wa Mkwe Mkali. Mashine inakataa. Inasema mama yake ni mwingine."

"Mashine imekosea," mzee akasema.

Vincent akainua kichwa. Nilimwona. Nami nikatazama lango, kwa sababu mzee akishasema imekosea kwa mmoja, imekosea kwa wote, na lori linaweza kuja kesho.

"Inawezekana," Mogesi akasema. "Mashine hukosea. Lakini nimerudia mara tatu, baba, na siwezi kukuambia kitu nisichokiona ili tu unifurahie. Si binti yake."

Ndipo Mama Wegesa, bila kuinua macho kwenye maharage, akasema: "Haikukosea."

"Nini?"

"Mwaka ule ulipolala hospitali Tarime. Ndama wa Mkwe Mkali alikufa. Na yule mweusi mwenye doa alikufa kwa kuzaa, akaacha ndama. Nikamvika ndama yatima ngozi ya aliyekufa, Mkwe Mkali akamnusa, akamkubali. Ungerudi mgonjwa nikuambie wamekufa wawili?"

"Miaka kumi na miwili hujaniambia!"

"Hujaniuliza. Mashine imeuliza."

Aliyeanza kucheka ni Vincent. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Baba, umeshindwa na unywele!" na ndugu zake wakafuata, na mwisho mzee naye. Mogesi hakucheka. Alikuwa anaandika haraka.

Halafu akawaeleza lililobaki: kwamba maandishi ya zizi lile hayakufanana na ya ng'ombe wa kwenye minada, wala wale wakubwa, na kwamba walikuwa kabila lao wenyewe. Mzee alisikiliza, akamgeukia mwanawe. "Lori litafute mzigo mwingine."

"Nimesikia, baba," Vincent akasema. Karasha hakupata mwaka ule. Nadhani hata yeye alikuwa amebadilika kidogo, kwa sababu lori la kituo lilipokuja kuchukua wale wa kuzalishwa, ndiye aliyewaongoza kupanda, akiwaita kwa majina. Mzee alikaa ameligeuzia lori mgongo. Watu wa kituo waliombwa wasihesabu mpaka wamevuka mpaka wa kijiji, nao wakakubali. Mimi nilisukuma kwa nyuma. Maisha yangu yote nilikuwa sijapakia ng'ombe asiyekwenda kuchinjwa.

Mogesi akawa Daktari Mogesi, akafundisha chuo, akaongoza wanafunzi wengi. Kila kiangazi alirudi huku. Aliacha ng'ombe kwa muda akahamia tembo, na kwa miaka minne nilizunguka naye kando ya mbuga ng'ambo ya Mugumu, tukiokota kinyesi kibichi, kwa kuwa tembo naye huacha maandishi yake humo. Mke wangu, Shamsia, alinikataza kuingia ndani na viatu, na Mogesi alipokuja kula kwetu alivua vyake mlangoni kabla ya kuambiwa.

Hakuwa mtu wa kumsifu kwa kila kitu. Alikuwa na hasira, na aliyechelewa dakika kumi alimwacha. Niliona wanafunzi wakilia kwa sababu ya kichupa kimoja kisicho na jina. Lakini sikumsikia hata mara moja akisema jambo asilolijua, wala kuona haya kusema hajui. Katika kitabu chake cha udaktari, pale ambapo wenzake huweka orodha ya namba, yeye aliweka majina ya ng'ombe wa Mzee Waisiko, kwa Kikurya, ukurasa mzima. Alinionyesha. Chini yake limeandikwa jina langu, na kwamba mimi ndiye niliyeyaandika zizini.

Mzee alipofariki, maksai mwekundu alikuwa amemtangulia kwa uzee, wakamtafutia mwingine. Zizi liligawanywa kwa wanawe. Baadhi yao walikuwa na madeni yao na mambo yao, na wengi wa ng'ombe wale waliishia mikononi mwangu. Niliwatambua mmoja mmoja. Nilimpigia Mogesi simu kumwambia, na hakunilaumu. Aliuliza tu ni nani, nami nikamtajia, naye akarudia kila jina. Kule kituoni, wale thelathini walikuwa wamefika mia na zaidi.

Mwaka juzi aliugua saratani. Alirudi kwa mama yake Matongo kabla ya kupelekwa Dar es Salaam. Nilikwenda kumwona nikakuta ua umejaa magari, maprofesa na wanafunzi wake, watu wa suti. Nikasimama nje na kofia mkononi, nikafikiri nitarudi siku nyingine. Akaniona dirishani. Akatoka mwenyewe, ameshikwa mkono na mpwa wake, akaja mpaka nilipo. Alikuwa mwembamba kama siku ile ya kwanza na zaidi.

Hatukuongea juu ya ugonjwa. Aliniambia Vincent alikuwa ameandika barua kituoni mwenyewe, kuomba dume na majike wanane warudishwe Genkuru, na kwamba wangefika Jumanne. Macho yake yalikuwa yaleyale. Nikamwambia tutamngoja apone twende pamoja. Akatikisa kichwa, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi anaposema jambo ambalo hajalipima. Mpwa wake akasema gari liko tayari. Mogesi akaniachia mkono, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Penseli unayo wewe, kaka Yassini," akasema. "Jumanne uingie zizini mwenyewe."